Mbegu Juu ya Mkebe

Ulikuwa mwaka ule tulikula githeri ya mahindi matupu. Mvua ilikuta maharagwe yakiwa kwenye maua, ikanyesha hadi maua yakaanguka yote, na yale machache yaliyofunga yakaoza ndani ya maganda. Wamagana nzima, hapa kwetu, ikachemsha mahindi na viazi, tukatia kabeji ili sufuria isionekane uchi, na hiyo, bila harage hata moja, tukaiita githeri. Sisi watu wa hapa miaka tunaishika kwa tumbo. Mama yangu hakujua tarehe aliyoolewa, lakini alijua ni mwaka waliokula uji wa muhogo. Mimi nikiulizwa binti yangu alikufa lini, nasema ni mwaka mmoja kabla ya githeri ya mahindi matupu. Wa hapa wananielewa.

Nilizaa watoto watano na hakuna hata mmoja mjinga. Nasema hivyo mbele ya watu na nitasema tena. Lakini yule aliyekufa ndiye alikuwa na mikono. Alikuwa akikata maua kwenye mashamba ya Timau, na jioni akirudi kwenye chumba chake cha kukodi alikuwa na nguvu ya kulima kipande nyuma ya choo cha ploti. Kitu alichopanda kiliota. Angepanda kijiko, tungevuna masufuria.

Huko Timau alipata mtoto na mwanamume aliyepotea kama moshi wa kuni mbichi: mwenyewe haonekani tena, ila macho yanabaki yakiwasha. Kwetu msichana wa kwanza huitwa jina la mama ya baba yake, na wa pili ndiye hupewa la mama ya mama. Huyu hakuwa na upande wa baba, kwa hivyo jina langu halikupiga foleni. Alipewa moja kwa moja. Hapa nyumbani tulimwita Mimi Mdogo, naye aliniita cucu, yaani bibi. Akivunja kikombe, watu wananiuliza mimi, "Kwa nini umevunja kikombe?" Akipita mtihani, mimi ndiye napongezwa, na pongezi nilikuwa nazipokea zote bila aibu.

Ndivyo majina yetu yanavyokaa. Si mengi. Ukoo mzima una majina machache, na yanazunguka kama kiti kimoja kwenye sherehe. Huyu akiinuka, yule anakaa. Mtu anazikwa, lakini jina linabaki nje likingoja mtoto.

Tulimzika binti yangu hapa nyumbani, chini ya migomba, kwa sababu hakuwa na boma lingine. Kifua kilimshika Jumatatu na hakuiona Jumatatu nyingine. Sitaeleza zaidi. Nitasema tu kwamba wakati wanarudisha udongo nilikuwa nikijiambia, jina lake litarudi. Mimi Mdogo ataolewa, atazaa, na siku moja nitasikia mtu akiliita hapa uani na mtoto ataitika.

Mwaka wa githeri ya mahindi matupu, Mimi Mdogo alirudi kutoka Nairobi na kompyuta yake, akasema kazi yake siku hizi inafanyika popote penye mtandao. Siku ya tatu tulikuwa jikoni tukimenya viazi. Akasema bila kuinua kichwa, "Cucu, mimi sitazaa. Nilipofanyiwa ile operesheni walitoa kizazi." Nilimuuliza ni operesheni gani. Akasema ilikuwa wakati mama yake angali hai, na mama yake alijua. Niliendelea kumenya. Nilimenya kiazi kile hadi kikabaki kidogo kama yai la kwanza la kuku.

Wale watoto wangu wengine wamemaliza kuzaa. Siku hizi ni wawili tu, halafu wanafunga duka, na hao wawili wameshapewa majina ya sisi wazee. Kwa hivyo jina la binti yangu halikuwa na pa kukaa. Isipokuwa mahali pamoja.

Mahali hapo palikuwa mkebe.

Krismasi moja, akiwa hai, alikuja kutoka Timau na soksi ya mtoto imejaa maharagwe. Meupe, na pale kwenye jicho yana mzunguko mwekundu, kama jicho la mtu aliyetoka kulia. Alisema amepewa na mama mmoja jirani yake kule, na kwamba hayaogopi baridi wala mvua. Mbegu hapa kwetu hubeba jina la mtu aliyeileta. Nina mahindi ya mkwe wangu, nina malenge ya mke wa pasta. Haya yakaitwa kwa jina la binti yangu. Tulikuwa tukisema, "Nenda ukapalilie Fulani," na yeye akiwa amekaa pale pale anakunywa chai, anacheka, "Mimi sipaliliwi, nipeni mkate."

Ule mwaka mvua ilipoozesha kila kitu, hayo peke yake yalisimama. Nilivuna mkebe mmoja. Nikachanganya na jivu, nikafunga, nikala mahindi matupu kama jirani zangu wote. Mbegu haipikwi.

Mikebe yangu iko kwenye rafu juu ya meza, ile meza ya dirishani ambapo mtandao unashika vizuri. Ndipo Mimi Mdogo aliweka kompyuta yake. Alikuwa anafanya kazi tangu asubuhi, haongei, chai inapoa mpaka inaota ngozi. Siku moja mchana nikaketi mbele yake.

"Hiyo kitu unaifundisha nini?"

"Kujua maharagwe, cucu. Mkulima anapiga picha ya jani lililo na shida, anasema ni maharagwe gani, simu inamwambia ni ugonjwa gani na afanye nini."

"Na mbona umekunja uso kama mtu ameuma limau?"

"Imekuwa nzito. Simu za watu wa hapa ni ndogo, inakwama. Kila mkulima ameandika jina la maharagwe yake, na kompyuta imeweka kila jina zima zima. Jina moja, mwitemania kwa mfano, limeandikwa upya kwa kila mtu aliyelipanda. Nafasi yote imejaa neno moja."

"Sasa?"

"Sasa naandika neno mara moja tu, kwenye orodha ya pembeni, nalipatia namba. Kule kwingine kote naacha namba peke yake. Namba ni nyepesi. Mtu akitaka kujua namba ni ya nini, anarudi kwa orodha."

Nikamwonyesha rafu kwa kidevu. Mimi niliachia shule darasa la tatu, na kuandika kunaniumiza vidole. Kwa hivyo kwenye kila mkebe, juu ya kifuniko, nimebandika mbegu moja kwa ugali. Ukiona mbegu ya juu unajua za ndani.

"Huwezi kubandika kila mbegu karatasi," nikamwambia.

Akaangalia mikebe, akaniangalia, akacheka. Kilikuwa kicheko cha mama yake, kile cha kuanzia puani. Sikuwa nimekisikia tangu mazishi. "Ndiyo hiyo, cucu. Ndiyo hiyo kabisa. Kumbe ningekuuliza mapema nilale."

Basi nikafurahi, na kwa furaha hiyo nikashusha ule mkebe wa jicho jekundu nikauweka mbele yake. "Na hii umeipa namba gani?"

Akaacha kucheka.

"Hiyo iko nyumba moja tu, cucu. Zile zinazoonekana mara chache tunaziweka pamoja, zinapata namba moja. Zinaitwa Zinginezo."

"Za nani?"

"Za watu tofauti. Kila mtu na yake. Mashine haiwezi kujifunza kitu imekiona mara moja, itakuwa inabahatisha. Na kila jina la ziada ni uzito. Siyo ubaya, cucu. Ndivyo kazi inafanywa."

Sikubishana na kazi yake. Nilijua anasema kweli. Hata mimi nina mkebe mmoja mkubwa wa mbegu zilizobaki moja moja, za kila aina, na huo hauna kitu juu ya kifuniko. Huo ndio tunaopika wageni wakija bila taarifa.

Nikasema, "Hapana. Andika jina la mama yako."

Akafunga kompyuta, akachukua panga, akaenda kumkatia ng'ombe majani ya nepia. Alikata nepia mpaka ng'ombe mwenyewe akashangaa. Nilijua nilipomgusa. Tangu mazishi hakuwa amelitaja jina hilo. Alisema "yeye". Alisema "lile koti lake", au "pale kwa migomba". Ukimtazama wakati wengine wanalitaja, anashika kitu karibu, kikombe au kiti, kama mtu aliye kwenye gari linalokata kona.

Aliporudi na nepia kichwani, akasimama mlangoni. "Ikionekana kwa nyumba nyingi itapata namba yake," akasema. "Hiyo ndiyo sheria. Sijaitunga mimi."

"Nyumba ngapi?"

"Nyingi, cucu. Si mbili tatu."

Basi nikaona kazi yangu. Njahi ilipofika, mvua zile ndefu, nilifungua mkebe. Nikaenda kanisani na mfuko. Nikaenda soko la Othaya na mfuko. Kila mwanamke niliyemjua ana shamba na ana simu ya mtoto wake, nilimpa konzi moja, na jivu lake. Niliwapa hata wawili ambao hatusalimiani.

Jirani yangu wa chini, mwanamke ambaye mdomo wake haujawahi kupata likizo, aliyatazama kiganjani.

"Wewe mama! Mwaka jana tumetafuna mahindi kama punda, na wewe ulikuwa na maharagwe?"

"Nilikuwa na mbegu."

"Mbegu na maharagwe ni tofauti gani?"

"Tofauti ni sufuria."

"Haki wewe ni mchoyo, na ni mchoyo wa akili. Leta konzi nyingine."

Nikamwongezea. Nikamwambia, kama nilivyowaambia wote, kwamba ni ya binti yangu, yule wa Timau, na kwamba akipiga picha aseme hivyo. Akatikisa kichwa kwa huruma, akasema ooh, yule mtoto alikuwa na mikono, Mungu amlaze. Akafunga maharagwe kwenye ncha ya leso.

Yaliota. Ninyi mnaojua shamba mnajua ile raha ya kupita barabarani na kuona mmea wako kwenye mashamba ya watu. Nilipita nikitembea polepole kama mtu aliye na mguu mbaya, nikihesabu kwa macho. Kila mahali palipokuwa na lile ua jeupe la kwake, moyo wangu ulisema, hapa ameketi, na hapa ameketi. Picha zikaanza kuingia kwenye kompyuta kutoka pande hizo zote. Mimi Mdogo alikuwa anaziona. Halafu asubuhi moja akaniita kutoka zizini.

"Cucu, njoo uone. Na usinikasirikie."

Akanisomea kutoka kwenye kioo cha kompyuta. Ya geti ya bluu. Jicho jekundu. Ya cucu wa Wamagana. Ya kanisani. Ya Timau. Ile nyeupe ya mama mrefu. Ya cucu. Kila jina na nyumba zake mbili au tatu.

"Ni mmea mmoja," akasema. "Nimeangalia picha zote. Lakini kompyuta haijui ni mmoja. Inaona majina saba madogo, na yote saba yameanguka kwa Zinginezo."

"Na la mama yako?"

Akashika ukingo wa meza. "Hakuna aliyeliandika."

Nilivua buti za zizi nikavaa viatu, nikateremka kwa jirani. Nilimkuta akichambua mboga kwenye ngazi.

"Ulisema ni maharagwe ya nani?"

"Ya geti ya bluu. Kwani geti yako umeipaka rangi nyingine?"

"Nilikuambia ni ya binti yangu."

"Uliniambia." Aliweka mboga chini. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alitafuta maneno. "Lakini mama, si yeye alinipa. Mkono uliokuja hapa ni wako. Nikiulizwa mbegu umepata wapi, nitamtaja aliyenipa, si ndivyo? Au nimekosa?"

Hakuwa amekosa. Ndivyo tunavyofanya sote, na ndivyo nilivyofanya mimi Krismasi ile ya soksi. Nilisimama pale kwenye ngazi yake nikamkumbuka yule mama wa Timau aliyempa binti yangu. Yeye naye bila shaka aliyaita kwa jina la mtu, labda dada yake, labda mama yake. Sikuwahi kuuliza. Mbegu iliingia geti yangu ikiwa na jina la mtu, na mimi nikaifuta nikaandika la mtu wangu ninayempenda. Na sasa desturi ile ile iliyompa binti yangu kiti ilikuwa inamwinua, kwa heshima, kwa upole, bila mtu yeyote kuwa na makosa.

Jirani akasema, "Kaa unywe chai basi."

"Siwezi," nikasema. Nikapanda kilima.

Nilipofika nyumbani Mimi Mdogo alikuwa amepika uji, amenimiminia. Alikuwa ameosha na uso. Akanivutia kiti karibu na chake ili nami nione kioo, ingawa anajua kwa herufi ndogo kama hizo mimi ni kama nimekaa mbele ya siafu.

"Kuna njia," akasema. "Majina yote saba naweza kuyafunga kwa namba moja. Mtu akiandika geti ya bluu, akiandika jicho jekundu, yote yanaenda pale pale. Yakihesabiwa pamoja ni mengi ya kutosha. Inatoka kwa Zinginezo, inapata namba yake."

"Basi fanya."

"Nitafanya. Lakini kwenye orodha linaonekana jina moja. Mkulima akifungua simu, anatafuta lile analolijua. Na watu wanakujua wewe, cucu. Hayo majina karibu yote, ukiyaangalia, ni wewe. Geti ni yako. Mama mrefu ni wewe. Nikiandika jina lako, watalibonyeza kuanzia hapa mpaka Othaya, na mbegu itasimama. Nikiandika..." Akashika kikombe. "Nikiandika lile lingine, hakuna atakayelijua. Hawatalibonyeza. Msimu ujao itarudi kule kwa Zinginezo, na safari hii haitatoka."

Sitadanganya, nilisikia utamu. Mimi ni mtu wa kupenda sifa, na watoto wangu wanajua. Jina langu kwenye simu za watu, mimi niliyeachia darasa la tatu, watu wa Othaya wakinibonyeza, pengine hata watu wa Timau. Nilikaa na utamu huo kidogo, nikanywa uji wa moto haraka kuliko ninavyopaswa.

Kisha nikatazama nje, kule kwenye migomba.

"Jina langu liko na kiti," nikamwambia. "Si wewe hapo umelikalia? Nikifa leo, kesho mtu ataliita hapa uani na utaitika."

"Halafu nikifa mimi?" akasema.

Nilikuwa sijawahi kulifikiria, kwamba baada yake hata langu litasimama nje kwenye baridi. Ng'ombe alikuwa analia zizini kwa sababu nilikuwa nimemwacha nusu kukamuliwa.

"Cucu, sina mtoto wa kumpa." Alisema kwa sauti ndogo, kama mtu anayeungama kuiba sukari. "Ningekuwa na mtoto ningempa. Usidhani nimekataa. Kila nikiona hayo maharagwe namwona. Siwezi kuliandika. Nikiliandika hapo, litakuwa ni neno tu kwenye orodha, kati ya mwitemania na maharagwe ya nyayo. Na halafu nikae niangalie likishuka, mwezi kwa mwezi, watu wakilipita. Nitamzika mara ya pili, na safari hii niwe peke yangu."

Nilimshika mkono. Mkono wake ni wa mama yake, vidole vifupi, kucha pana. Nilitaka kumwambia nitazunguka tena, nyumba kwa nyumba, niwafundishe wote jina hilo mpaka walishike. Lakini magoti yangu nayajua, na watu nawajua. Watatikisa kichwa kwa huruma, waseme Mungu amlaze, kisha waandike geti ya bluu.

Yeye anaona mbali kuliko mimi, na hesabu yake ni sawa. Nalijua hilo leo na nililijua pale mezani. Akajipangusa uso kwa mkono wa sweta, akaweka vidole juu ya kompyuta, akaniangalia kama mtoto anayeomba asipelekwe kisimani.

"Niandike lako tu, cucu? Tumalize?"

Nikainua mkono nikaushusha ule mkebe kutoka kwenye rafu. Ulikuwa mwepesi, nilikuwa nimegawa karibu yote. Nikauweka kati yetu, na ile mbegu moja juu ya kifuniko, jicho lake jekundu likitutazama sote wawili.

"Hapana. Andika jina la mama yako."